Tembe la Wagogo na Shahidi wa Joto

Nchi ya Ugogo, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Dodoma, imekaa juu ya uwanda ulioinuka mita elfu moja na ushei kutoka usawa wa bahari, nayo upande wa mashariki imekingwa na milima ya Usagara, ambayo huzipokea mvua nyingi za Bahari ya Hindi kabla hazijaufikia uwanda huo. Na kwa sababu hiyo mvua yake ni haba, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, wala hainyeshi ila baina ya Desemba na Aprili. Hewa ikiwa kavu namna hiyo, hakuna mawingu ya kulizuia jua mchana wala ya kulihifadhi joto la ardhi usiku, hata mchana wa Novemba hupita nyuzi 30 za Celsius, na alfajiri za Julai hushuka hadi 13 au 14. Mtu wa pwani, aliyezoea usiku usioachana sana na mchana wake, akifika huku hustaajabu kutetemeka alfajiri mahali palepale alipotokwa na jasho adhuhuri.

Nyumba waliyoijenga Wagogo katika nchi hiyo ni tembe: nyumba ya chini, ndefu, ya pembe nne, ambayo vyumba vyake hupangwa kuuzunguka uwanja wanamolala ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa karibu karibu ikakandikwa udongo. Juu ya nguzo imara hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito matawi na nyasi, na juu ya vyote hivyo humwagwa udongo ukashindiliwa kwa unene wa shubiri moja au zaidi, likapatikana paa bapa ambalo juu yake mtama na maboga huanikwa. Milango ni michache, na madirisha ama hayapo, ama ni vitundu tu. Ujenzi huu haukuwa wa Wagogo peke yao, kwani Wahehe, Wanyaturu, Warangi na Wasandawe nao waliujua, kila watu kwa taratibu zao. Lakini katika Ugogo ndipo wasafiri wengi walipouona kwanza, na aghalabu waliuandika kwa dharau, wakitaja giza, moshi na wadudu, pasina kuuliza nyumba hiyo ilikusudiwa kufanya kazi gani. Nami naona kwamba tembe lilikuwa jibu kamili la swali moja la elimu ya joto, na kwamba ili tulipime jibu hilo kwa insafu tunahitaji kanuni moja ambayo wataalamu waliitegemea muda mrefu kabla hawajaipa jina.

Tuanze na mkono, kwa kuwa ndio kipimo cha kwanza cha mwanadamu, nao katika jambo hili ni shahidi mwongo. Majembe ya chuma yaliyofuliwa Unyamwezi yaliuzwa na kubadilishwa kwa mifugo katika Ugogo kwa miaka mingi. Na mtu akiliamsha jembe lake alfajiri kutoka pembeni mwa tembe lililolala bila moto, chuma atakiona baridi na mpini wa mti atauona wa vuguvugu, hata angeapa kwamba vitu hivyo viwili havina joto moja. Kumbe vimelala usiku kucha katika chumba kimoja, na joto limekwisha kutoka katika kilicho moto zaidi kwenda katika kilicho baridi zaidi hata hapana tena la kutoka wala la kuingia. Na hali hiyo ya kutulia ndiyo iitwayo usawa wa joto. Linalotofautiana ni wepesi wa kupitisha: chuma hulinyang'anya joto ganja la mkono kwa haraka, mti hulipokea kwa uvivu, na mkono, usioweza kupima ila kasi ya kunyang'anywa kwake, hutoa hukumu ya dhuluma. Jambo hili lilifundishwa wazi katika karne ya 18 na Joseph Black, mwalimu wa Glasgow kisha Edinburgh huko Scotland, ambaye mafunzo yake yalichapishwa mwaka 1803, miaka minne baada ya kufa kwake. Naye alisisitiza kwamba vitu vya kila jinsi vikiachwa pamoja mahali pasipo moto wala jua, mwisho kipimajoto huonyesha alama moja katika vyote, ijapokuwa mkono unakataa.

Kipimajoto chenyewe kilifika Ugogo kichwani mwa wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza katikati ya nchi hii, kati ya majangwa mawili yaliyoogopwa, Marenga Makali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi; na kwa kuwa msafara usingeweza kuvuka pasipo maji na nafaka za Wagogo, watemi wa Mvumi, Kanyenye, Mdaburu na kwingineko waliudai hongo la merikani, kaniki na shanga, wakaudai kwa ukamilifu ambao wageni hawakuacha kuulalamikia katika vitabu vyao. Mwaka 1857 walipita Richard Burton na John Hanning Speke, waliotumwa na Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Speke akarudi na James Grant mwaka 1860. Henry Stanley akapita mwaka 1871, na Verney Lovett Cameron mwaka 1873. Katika misafara hiyo minne yote alikuwamo mtu mmoja, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni hadi India na kurejea Unguja akiwa huru, ambaye kwa hiyo aliuvuka uwanda huu mara nyingi kuliko wengi wa mabwana waliosifiwa kwa kuuvuka.

Baina ya mizigo ya wasafiri hao kilikuwamo kipimajoto, na kazi yake kubwa haikuwa kujua joto la hewa bali kujua kimo cha nchi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 mahali palipo sawa na bahari. Kadiri mtu anavyopanda, uzito wa hewa iliyo juu yake hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kiasi cha uzi mmoja kwa kila mita 300, hata Dodoma yakachemka kwa nyuzi 96 na kidogo. Basi msafiri aliteleka birika, akakitia kipimajoto katika mvuke au maji yaliyochemka, akangoja mpaka zebaki itulie, akasoma, kisha akafanya hesabu ya kimo. Njia hii ilitaka uangalifu mkubwa, kwa kuwa kosa dogo la chombo huzaa kosa kubwa la mlima. Speke, ambaye vyombo vingi vya safari yake viliharibika njiani, alilikadiria Ziwa Tanganyika kuwa na kimo cha futi 1,800 hivi, na hali kimo chake ni futi 2,500 na ushei: kosa la futi 700, ambalo katika birika halifiki hata uzi mmoja wa Celsius. Ziwa la Nyanza alilipa zaidi ya futi 3,700, na hapo alikuwa karibu kabisa na kweli.

Msomaji asipite upesi juu ya ule muda wa kungoja zebaki itulie, maana ndani yake ndimo ilimofichwa kanuni nzima. Zebaki ikitulia, kipimajoto kimefikia usawa wa joto na maji yale. Na kabla ya safari kilikwisha kufikia usawa na maji mengine, huko Ulaya, mtengenezaji alipokitia katika barafu inayoyeyuka na katika maji yanayochemka ili akitie alama. Maji ya Ugogo na maji ya London hayakugusana hata tone. Nini basi kilichomruhusu msafiri kusema kwamba alama fulani hapa ina maana ileile iliyo nayo kule? Jawabu ni kwamba vitu viwili, kila kimoja kikiwa katika usawa wa joto na kitu cha tatu, vyenyewe pia vimo katika usawa wa joto baina yao, ijapokuwa havijakutana. Na kama ilivyokuwa mtama wa Mvumi na mtama wa Bagamoyo kujulikana kuwa sawa kwa kujaza pishi ileile, bila ya mtu kuuchukua mmoja akaulinganisha na mwingine, ndivyo joto la mahali pawili linavyojulikana kuwa sawa kwa ushahidi wa zebaki ileile.

Neno hili laonekana jepesi mno hata mtu akadhani halistahili kuitwa kanuni, lakini si kila uhusiano wa vitu huenda hivyo: sumaku huvuta kipande cha chuma cha huku, huvuta na cha kule, wala vipande hivyo viwili havivutani. Kwamba usawa wa joto hupita kutoka kitu hadi kitu kwa njia ya mtu wa kati, hilo halikulazimishwa na akili tupu. Ni tabia ya ulimwengu iliyothibitika kwa majaribio, na kama isingekuwa hivyo kipimajoto kingekuwa chombo cha mchezo. James Clerk Maxwell, mtaalamu mwingine wa Scotland, alilieleza jambo hilo kwa uwazi katika kitabu chake juu ya nadharia ya joto kilichotoka mwaka 1871, mwaka uleule ambao Stanley alikuwa akigombania hongo na watemi wa Ugogo. Lakini jina lilichelewa zaidi. Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki, isemayo kwamba nguvu haipotei bali hugeuka namna, na ya pili, isemayo kwamba joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, zilikuwa zimekwisha kupewa nambari zao katika karne ya 19, na ya tatu ikafuata kwa kazi ya Walther Nernst mwaka 1906; ndipo katika miaka ya 1930 Ralph Fowler wa Cambridge, ambaye pamoja na Edward Guggenheim alitoa kitabu kikubwa mwaka 1939, alipoona kwamba zote hizo zimesimama juu ya neno lisilotamkwa. Nafasi ya kwanza ilikwisha kukaliwa, wala haikufaa neno lililo msingi liwekwe nyuma. Kwa hiyo likaitwa kanuni ya sifuri.

Tukiwa na shahidi huyo mkononi twaweza sasa kuingia ndani ya tembe. Na jambo la kwanza ambalo shahidi angetuambia ni kwamba si kila kilichotulia kimo katika usawa. Mtungi wa maji uliofinyangwa kwa udongo wa vinyweleo, ukiwekwa kivulini, huonyesha joto dogo kuliko la hewa iliyouzunguka siku nzima, bila kupanda kulifikia. Si kwamba kanuni imevunjika, bali maji hupenya ukuta wa mtungi, hukauka kwa upepo mkavu wa uwanda, na kukauka huko huondoka na joto kwa kadiri lile liingialo. Mtungi wa namna hiyo hufanya kazi vizuri Dodoma na hufanya kazi kidogo tu Tanga, ambako hewa imekwisha shiba maji.

Tembe nalo halikuwa katika usawa na mchana wala na usiku, na hapo ndipo ilipo hekima yake. Joto la jua huingia katika paa la udongo kama mawimbi, wimbi moja kwa siku, na Joseph Fourier wa Ufaransa alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1822 jinsi wimbi la namna hiyo linavyopungua na kuchelewa kadiri linavyozama. Kwa udongo mkavu, kila sentimita 12 hivi hukipunguza kimo cha wimbi hadi kama theluthi moja yake, na hulichelewesha kwa saa zipatazo nne. Basi paa la unene wa shubiri, lipatalo sentimita 24, huruhusu ndani kiasi cha sehemu moja ya nane tu ya mpando wa nje. Na kile kilele cha joto kilichopiga juu ya paa saa nane mchana hukifikia chumba yapata saa nne usiku, wakati ambapo nje, chini ya mbingu isiyo na wingu, baridi imekwisha kuanza kuuma. Udongo uleule uliomkinga mwenye nyumba na jua alipohitaji kivuli humpa joto alipohitaji joto. Juu ya hayo huongezeka moto wa mafiga, pumzi za watu, na ng'ombe waliofungiwa uani kwa kuhofia simba na wevi, ambao miili yao haiachi kutoa joto usiku kucha.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba tembe lilikuwa jibu. Kila kitu huelekea kwenye usawa wa joto na jirani yake, na hapana fundi awezaye kuuzuia mwendo huo. Awezalo ni kuuchelewesha kwa kipimo, ili siku iishe na usiku uingie kabla usawa haujapatikana, na usiku nao uishe kabla baridi haijapata fursa yake. Wajenzi wa Ugogo hawakuandika hesabu, lakini unene wa paa lao haukutokea kwa bahati, kwa sababu paa jembamba lisingezuia jua, na paa nene kupita kiasi lingezivunja boriti.

Mambo matatu yaliliondoa tembe katika heshima yake, na haki yataka tuyataje yote. La kwanza ni ugonjwa. Katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta hujificha papasi, na papasi huleta homa ya vipindi. Mwaka 1905 Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo pamoja na John Todd katika mashariki ya Kongo, alikufa kwayo huko Kasongo, na mwaka huohuo Robert Koch wa Ujerumani alichunguza papasi wa njia za misafara katika koloni la Kijerumani. Tangu hapo waganga na maafisa walikuwa na hoja ya kweli dhidi ya nyumba yenye giza na sakafu ya vumbi, ijapokuwa hoja hiyo ilikuwa juu ya sakafu na mwanga, wala haikuwa juu ya unene wa paa.

La pili ni reli. Wajerumani waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na mji wa Dodoma, ambao kabla ya hapo haukuwa kitu mbele ya vituo vya zamani kama Kilimatinde na Mpwapwa, ulizaliwa na reli hiyo. Mizigo ambayo mpagazi asingeweza kuibeba sasa ilishuka stesheni, na katika mizigo hiyo yalikuwamo mabati. Bati ni karatasi ya chuma isiyofika unene wa ukucha: halicheleweshi kitu. Jua likichomoza hupata moto katika dakika chache, adhuhuri humwaga joto juu ya vichwa vya walio chini yake, na jua likizama hupoa upesi na kuiacha nyumba wazi mbele ya baridi ya alfajiri. Lakini bati halivuji mvua za Januari, ambazo zililitesa paa la udongo kila mwaka, wala halitaki ukarabati wa kila masika, tena ni alama ya mtu aliyepata. Na mtu hahukumiwi kwa kutamani paa lisilovuja.

La tatu ni miti na makazi. Tembe hula nguzo na boriti nyingi, na zamani kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja ikikata karibu yake na kuhama ardhi ikichoka. Mwaka 1971, baada ya miaka ya njaa za mara kwa mara, Serikali iliendesha Operesheni Dodoma, ambayo Rais Julius Nyerere aliisimamia kwa karibu, na watu wakakusanywa katika vijiji vya Ujamaa, Chamwino kikiwa kimojawapo kilichojulikana sana. Nyumba zikapangwa kwa mistari, matofali yakafyatuliwa, na ng'ombe wakatolewa katika moyo wa nyumba. Na katika kijiji kikubwa kilichokaa mahali pamoja miti ya kutosha matembe isingepatikana kwa muda mrefu. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na saruji ikafuata reli ileile. Mwaka 1977, alipolitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Nyerere mwenyewe aliwalaumu watu waliodhani kwamba hakuna nyumba bora isipokuwa ya saruji na bati, na hali udongo wa nchi umelala chini ya miguu yao.

Lawama hiyo haikusikilizwa sana. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa ukamilifu, majengo yameinuka katika mji na katika Mji wa Serikali wa Mtumba kwa wingi usiowahi kuonekana uwandani, aghalabu kwa kuta nyembamba za tofali za saruji, vioo vipana na bati, na mahali pa ule udongo wa shubiri pakawekwa mashine ya kupoza hewa, ambayo hufanya kwa umeme, kila saa na kwa gharama, kazi iliyofanywa zamani na uzito wa paa bila malipo. Sisemi watu warudi katika tembe lenye giza na papasi. Wala miti ya kulijenga haipo. Nasema kwamba waliolitupa walitupa mambo mawili kwa mkupuo mmoja, sakafu mbaya na paa jema, kwa sababu hapana aliyechukua shahidi akaziuliza nyumba zote mbili kwa haki.

Na kuuliza huko hakutaki maabara. Kipimajoto kimoja, kikitundikwa leo katika nyumba ya bati na kesho katika chumba chenye paa la udongo au kuta nene za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kama yale ya kufungamana yanayofundishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, kitatoa hesabu zinazolinganishika, kwa kuwa kanuni ya sifuri imetupa dhamana kwamba alama moja ni joto moja popote isomwapo. Sharti moja tu lazima litimizwe: kisisomwe mara moja. Nyumba mbili zaweza kuonyesha alama moja saa mbili asubuhi na zikaachana kwa nyuzi kumi saa nane mchana; kwa hiyo mpimaji asome mchana, asome usiku wa manane, asome na alfajiri, maana fadhila ya jengo la uwandani haimo katika joto lake la saa moja, imo katika muda linaoweza kuchukua kabla halijafanana na nje. Atakayeyaandika masomo hayo kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, atakuwa amewapa wajenzi wa makao makuu kitu ambacho wazee wa Ugogo walikijua kwa mazoea na hawakuacha maandishi yake: unene gani wa udongo unaitosha nchi hii.